Nesi wa afya kazini hampelekei bosi siri zako

Wengi wanaofanya kazi vyuo vikuu huku Uingereza bado wanaamini ukitumwa kwa nesi mshauri wa afya kazini, kila utakachosema kitafika kwa meneja na kazi ndo basi tena. Jamani, sivyo. Yule nesi amesajiliwa NMC (baraza linalosimamia manesi na wakunga Uingereza) na usiri unambana kama nesi wa wodini, kwa hiyo ripoti ya meneja haitaji ugonjwa wako bila ridhaa yako (labda kuwe na hatari kubwa kwa wengine), inasema tu kama unaiweza kazi na unahitaji nini, mfano fundi wa maabara anayeumwa mgongo itaandikwa asinyanyue mitungi ya gesi kwa wiki sita, imeisha hiyo. Na unaweza kuomba uisome kabla haijatumwa. Kufukuza mtu hana mamlaka, anashauri tu, mwajiri ndo anaamua, na Sheria ya Usawa ya 2010 inambana huyo mwajiri amrekebishie mazingira mwenye ulemavu.

Wanaoniuma zaidi ni wale wanaohudumia panya wa utafiti, chafya zimeanza, macho yanawasha, kwenye fomu ya afya wanajaza "sina tatizo", kumbe ile aleji ya panya inaweza kugeuka pumu, wakati nesi akijua mapema anapendekeza barakoa inayofaa au wahamishwe kitengo kabla kifua hakijaharibika.