Mkono Unaonuka Panya: Kumlisha na Kumshika Nyoka wa Kufugwa

Wafugaji wanaonipigia simu baada ya kung'atwa na nyoka wao huwa na swali moja: mbona leo kanigeuka? Nikidadisi kidogo nagundua kuwa mkono ulioingia kizimbani ulikuwa umetoka kushika panya muda si mrefu, au nyoka amezoea kuwa mlango ukifunguliwa tu, chakula kimefika. Kazi yangu ni kutibu reptilia, na siwezi kumfundisha mtu kumshika nyoka bila kuanza na namna anavyomlisha.

Ninaowazungumzia hapa ni nyoka wasio na sumu: chatu mpira (chatu mdogo wa Afrika anayejikunja kama mpira, kwa Kiingereza ball python), nyoka wa mahindi (corn snake), boa na jamaa zao. Nyoka wa sumu, kwa maoni yangu, hafai kabisa kufugwa nyumbani.

Nyoka hukutambua zaidi kwa harufu kuliko kwa sura. Ule ulimi unaotoka na kurudi hukusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson, kilicho juu ya kaakaa. Chatu mpira ana nyongeza: vishimo kwenye mdomo wa juu vinavyohisi joto, hata gizani. Sasa fikiria mkono wenye joto, unaonuka panya, unaingia kizimbani jioni wakati ambao chatu huanza kuwinda. Kwa ushahidi alionao, hicho ni chakula.

Kwa hiyo mpe nyoka ishara mbili zisizofanana. Siku ya kula, chakula kije kwa koleo ndefu, kamwe kisishikwe kwa vidole. Siku ya kumshika, nawa mikono kwa sabuni kwanza, kisha mguse taratibu katikati ya mwili kwa fimbo yenye ndoano kabla mkono haujamfikia. Mtazame anavyojibu. Akiwa mtulivu, kichwa kinashuka, ulimi unatoka polepole na mwili unaanza kusogea. Akibaki amekunja shingo kama herufi S, kichwa kimeelekezwa kwako na hatikisiki, funga mlango umwache. Baada ya wiki kadhaa za utaratibu huo nyoka wengi hujua kuwa wakiguswa na fimbo hakuna cha kumeza.

Kuna ushauri wa zamani kwamba nyoka ahamishiwe boksi lingine kila anapokula, ili asihusishe kizimba chake na chakula. Siukubali. Unamrudisha nyumbani akiwa bado na hamu ya kuwinda na tumbo limejaa, yaani unamshika katika wakati mbaya kuliko yote. Mlishe palepale anapoishi.

Chakula chenyewe kiwe panya aliyekufa, aliyegandishwa kisha akayeyushwa. Panya hai ana meno, na nyoka asiye na njaa anaweza kulala tu huku akitafunwa. Nimeshona migongo ya chatu iliyoliwa mpaka misuli ikaonekana, kisa panya aliachwa kizimbani usiku kucha. Panya aliyegandishwa myeyushe ndani ya friji kuanzia jana yake, kisha mtie kwenye mfuko usiopitisha maji na umzamishe katika maji ya moto ya bomba mpaka apate joto. Kabla ya kumtoa, mbonyeze tumbo kwa kidole juu ya mfuko. Ngozi inaweza kuwa vuguvugu wakati ndani bado kuna donge gumu la barafu, na donge hilo likimezwa, nyoka anaweza kumtapika. Usitumie maikrowevu: humwivisha ndani kwa mabaka, na wakati mwingine panya hupasuka.

Kuhusu ukubwa, panya asizidi sana unene wa sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka. Mtoto wa nyoka hula takribani kila baada ya siku 5 hadi 7. Mkubwa hutosheka na mlo mmoja kwa wiki mbili, na chatu mpira aliyekomaa anaweza kukaa wiki tatu au zaidi bila tatizo. Nyoka wengi wanaofugwa hulishwa kupita kiasi, kwa sababu nyoka anayekula humfurahisha mwenye nyumba. Ukiona mikunjo ya mafuta anapojipinda, punguza.

Akishameza, mwache kwa saa 48 angalau, na zaidi kama mlo ulikuwa mkubwa. Watu huona ametulia wakadhani amelala tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa moyo wa chatu wa Burma huongezeka uzito kwa takribani asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya mlo. Mwili mzima uko kazini, na kazi hiyo hutegemea joto la nje. Chatu mpira anahitaji upande wenye joto la nyuzi 31 au 32 za Selsiasi, unaodhibitiwa na themostati, na upande wa baridi kidogo wa kwenda akitosheka. Pasipo joto, panya huanza kuoza tumboni kabla hajasagwa. Nyoka akitapika, usimpe mwingine haraka ili kufidia. Ngoja siku 10 hadi 14, kisha uanze na panya mdogo kuliko kawaida. Akitapika tena, mpeleke kwa daktari.

Kumshika sasa. Usimjie kutoka juu, maana ndivyo ndege wa mawindo anavyokuja. Pitisha mkono ubavuni, mwinue kwa mikono miwili, umbebe uzito wote bila kumbana shingo. Dakika 10 au 15 zinatosha. Nyoka mgeni asiguswe mpaka ale vizuri mara mbili tatu. Macho yakigeuka rangi ya maziwa yenye ubuluu anakaribia kujivua gamba: haoni vizuri na hushtuka upesi, basi mwache.

Chatu na boa wakubwa wana kanuni ambayo silegezi. Akizidi mita mbili, asishikwe wala asilishwe na mtu mmoja peke yake, na asivishwe shingoni kwa ajili ya picha. Majaribio ya boa na panya yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa kubana kwake husimamisha mzunguko wa damu ndani ya sekunde chache, mapema kuliko kukosa pumzi. Ukiwa peke yako hutapata muda wa kufikiri. Msaidizi amfungue kuanzia mkiani, kwa sababu huko nguvu ni ndogo.

Aking'ata na kung'ang'ania, usivute. Meno yamepinda kuelekea kooni, kwa hiyo kuvuta huchana ngozi yako na kuyavunja ndani yake. Mmwagie kichwani maji baridi, au mdondoshee kitone cha dawa ya kusukutulia yenye alikoholi pembeni mwa mdomo, ataachia. Osha jeraha kwa sabuni, angalia kama kuna jino lililobaki, na uhakikishe chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Salmonela, bakteria wa kuharisha, haihitaji meno kukufikia. Hata nyoka mwenye afya anaweza kuibeba kinyesini, na kugandisha panya hakuiui. Friji ya chakula cha watu na sinki la jikoni visitumike kwa panya wala vyombo vya nyoka. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wenye kinga dhaifu wasimshike kabisa.

Swali ninaloulizwa kila msimu ni la chatu mpira aliyegoma kula. Anaweza kugoma kwa miezi akiwa mzima. Pima joto la kizimba, muongezee maficho, kisha mweke kwenye mizani mara moja kwa wiki na uandike uzito. Uzito ukisimama palepale, endelea kumjaribu kila baada ya wiki mbili na usimlazimishe. Ukishuka kwa zaidi ya asilimia 10, au ukiona mapovu mdomoni, au anapumua mdomo wazi, mlete bila kungoja na daftari la uzito uje nalo.