Si udongo uliochoka

Huku Uporoto, milimani Mbeya, viazi vikianza kuzaa vidogo vidogo, utaambiwa udongo umechoka. Wakati mwingine kweli. Lakini mara nyingi ugonjwa umo ndani ya mbegu yenyewe: kirusi Y cha viazi, kinacholetwa na vidukari kisha kurithiwa kiazi hadi kiazi.

Kirusi hiki hakina kiwanda chake cha kujizalisha. Ni uzi wa RNA, yaani maagizo ya kukitengeneza, ndani ya koti la protini, na ncha ya uzi huo ina protini inayonasa eIF4E, kifaa ambacho seli hutumia kusomea maagizo yake. Hapo seli inasoma maagizo ya kirusi na kuanza kutengeneza virusi. (Dawa ya ukungu hapo haigusi kitu.) Baadhi ya pilipili zina eIF4E yenye umbo tofauti, na kirusi kinashindwa kushika.

Mbegu, basi, tusiokote vile vidogo vilivyobaki kwenye rundo. Tuwekee alama mashina yenye afya yakiwa bado mabichi, mbegu tuzichukue hapo.