Taa nyekundu si ya kusafishia mkanda

Wengi wanaamini kwamba mkanda wa picha husafishwa chini ya taa nyekundu, hivyo asiye na chumba cha giza asahau kupiga picha za mkanda. Sivyo. Taa ile ni ya karatasi za kuchapia picha nyeusi na nyeupe, ambazo hazihisi mwanga mwekundu. Mkanda kama Ilford HP5 Plus, ambao bado unatengenezwa Uingereza, huhisi rangi zote; ukiufungua chini ya taa hiyo, umeungua.

Giza linahitajika dakika chache tu, wakati wa kuuviringisha mkanda kwenye gurudumu, kuliingiza katika tangi lisilopitisha mwanga na kulifunika. Mfuko mweusi wa kuingizia mikono unatosha. Gurudumu liwe kavu kabisa! Likiwa na unyevu mkanda hukwama, na unapogusana dawa haipiti, hubaki doa.

Tangi likishafungwa, kazi ni ya mezani, kweupe. Kwa HP5 Plus, changanya mililita 150 za ID-11, dawa ya kutokeza picha, iliyokwisha kuyeyushwa, na mililita 150 za maji, nyuzi joto 20, kisha mimina ndani ya tangi na uache kwa dakika 13. Pindua tangi sekunde 10 za mwanzo, kisha sekunde 10 kila dakika, ukiligonga kidogo mezani ili mapovu yatoke. Dawa ikiwa na joto zaidi, negativu, yaani picha ya mkanda ambayo weupe na weusi wake umegeuzwa, huwa nyeusi mno. Fuatisha dawa ya kusimamisha kazi ya ile ya kwanza, kisha ya kuimarisha picha, halafu suuza.

Negativu ikikauka, ipige picha kwa kamera ya dijitali. Huhitaji hata mashine ya kuchapia.