Anoreksia si kukosa hamu ya kula

Mtu akiwa mwembamba tu anaambiwa ana anoreksia. Mwenye homa akisukuma sahani pembeni, naye ana anoreksia. La kwanza ni kosa tupu. La pili lina udhuru, kwa sababu waliotuchanganya ni madaktari wenyewe.

Tuanze na maana, kwa haraka. Anoreksia nevosa ni ugonjwa wa akili. Mgonjwa hula pungufu mno kuliko mwili wake unavyohitaji, huogopa kunenepa au hufanya kila njia uzito usipande, na haoni hatari ya hali yake kwa kuwa jicho lake kuhusu umbo lake mwenyewe limepotoka. Huanza zaidi katika ujana, na kwa wasichana zaidi, ila wavulana na watu wazima pia wanaupata.

Sasa udhuru wenyewe. Kwa Kigiriki, "an" ni kutokuwa na, na "orexis" ni hamu. Kwenye faili la hospitali neno "anoreksia" likisimama peke yake ni dalili tu: mgonjwa hana hamu ya chakula, pengine kwa sababu ya kifua kikuu, saratani, ujauzito au dawa anazomeza. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London alitafuta jina la ugonjwa wa wasichana waliokonda bila kukutwa na maradhi ya kifua wala tumbo, akaongeza neno la pili, "nervosa", kumaanisha kwamba chanzo kiko akilini. Mwaka huohuo daktari Charles Lasègue naye alikuwa ameandika kuhusu hali hiyohiyo jijini Paris. Jina la Gull ndilo lililodumu, pamoja na kasoro yake. Wajerumani waliponea chupuchupu: wao huita Magersucht, yaani uraibu wa kukonda, na hapo wako karibu zaidi na ukweli.

Kwa maana wengi wa wagonjwa hawa njaa wanaisikia, tena sana, na kutwa nzima wanapigana nayo. Ndiyo maana utamkuta anakusanya mapishi, anawapikia wenzake kwa bidii, anasimama juu yao wamalize, naye hagusi. Si unafiki. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa miezi sita wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Hawakuwa na anoreksia, lakini nao walianza kusoma vitabu vya mapishi, kuota chakula, kulamba sahani, na kujitenga na watu. Sehemu ya tabia tunazoziita ukaidi, basi, huletwa na njaa yenyewe, na akili haitulii vizuri mpaka mwili urudishiwe uzito wake.

Uzito nao unadanganya. Aliyekuwa mnene akapungua kwa kasi kwa kujinyima anaweza kuonekana wa kawaida kabisa machoni, huku moyo wake uko taabani. Kukoma kwa hedhi kuliondolewa kwenye vigezo vya Marekani vya kutambua ugonjwa huu mwaka 2013, kwa hiyo usikusubiri.

Dalili huonekana mezani kabla ya kuonekana mwilini. Anaacha aina za chakula moja baada ya nyingine, kila moja na sababu yake nzuri. Daima "ameshakula". Anakata tonge vipande vidogo vidogo na kuvizungusha sahanini. Anaingia msalani mara tu baada ya mlo, anajipima uzito mara kwa mara, anafanya mazoezi hata akiumwa na kuwa mkali akizuiwa. Mwili ukianza kubana matumizi, husikia baridi wakati wengine wanatoka jasho, hupata kizunguzungu akisimama, nywele za kichwani hukatika huku vinyweleo laini (malaika) vikiota mgongoni na mikononi. Akizimia, akiumwa kifua, mapigo ya moyo yakiwa chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, au akizungumzia kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vipimo vya damu kuwa safi visiwatulize, maana mara nyingi huwa safi hadi hali iwe mbaya.

Kosa la nyumbani ni kumsifu: "umenawiri siku hizi" kwake ni taarifa kwamba amenenepa. Mwambie ulichokiona, si unavyouona mwili wake: "naona huli nasi tena, nina wasiwasi nawe." Kosa jingine ni kumshindilia chakula kingi ghafla baada ya njaa ndefu. Fosfati (aina ya madini) kwenye damu hushuka kwa kasi, na moyo unaweza kusimama. Aliyekaa siku nyingi karibu bila kula arudishwe kwenye chakula chini ya uangalizi wa daktari. Kwa vijana, tiba yenye ushahidi mzuri ni ile inayowapa wazazi usimamizi wa milo kwa muda, mtaalamu akiwaongoza.

Na mkifika kwa daktari, tafadhali msiseme "hana hamu ya kula". Maneno hayo yatampeleka kwenye vipimo vya tumbo na dawa za kuongeza hamu. Semeni "anajinyima chakula na anaogopa kunenepa", mtaje na tangu lini.