Didimiamu ni nini, na inazuia nini hasa

Juzi tena. Kijana mmoja anayeanza kutengeneza shanga za kioo kwa tochi ya gesi kanitumia picha ya miwani ya zambarau iliyopauka, na chini yake kaandika: "Kaka, nimepata didimiamu. Macho sasa yako salama, naanza na borosiliketi wiki hii." Borosiliketi ni kile kioo kigumu cha bika za maabara. Nikaiweka simu chini, nikamalizia chai kwanza.

Maana yenyewe ni fupi. Didimiamu ni mchanganyiko wa metali mbili, praseodimiamu na neodimiamu. Ukitiwa ndani ya kioo cha miwani, hunyonya mwanga wa manjano wa sodiamu, ule wa karibu nanomita 589 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na mwanga mwingine mwingi huuacha upite. Kioo cha kawaida, kama cha chupa ya soda, kina sodiamu, na kikiingia motoni hutoa manjano kali inayokuficha ncha ya kioo unachokifinyanga. Jikoni umeshaiona: sufuria ya wali wenye chumvi ikifoka kwenye jiko la gesi, moto wa bluu unageuka manjano. Utazame moto huo kwa miwani ya didimiamu na manjano haipo tena, bluu imebaki. Kuna mtu aliuziwa miwani ya bei poa, nikamwambia adondoshe chumvi kidogo kwenye moto aangalie. Manjano ilikuwa palepale. Ilikuwa plastiki iliyotiwa rangi.

Jina lake lina kisa kizuri kuliko maana. Mwaka 1839 mkemia wa Sweden, Carl Gustaf Mosander, alikuta kitu kipya ndani ya chumvi ya metali ya seriamu, akakiita lanthanamu, kutokana na neno la Kigiriki la kujificha. Mwaka 1841 akatoa kingine kilichokuwa kimeng'ang'aniana na lanthanamu, akakiita didimiamu, kutoka *didymos*, yaani pacha. Kwa lugha ya nyumbani, lanthanamu ni Kulwa na didimiamu ni Doto. Zaidi ya miaka 40 wakemia waliihesabu kuwa elementi moja. Hata Mendeleev, mkemia wa Urusi, aliiweka kwenye jedwali lake la elementi kwa alama ya Di. Halafu mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach wa Vienna akaitenganisha, na kumbe Doto mwenyewe alikuwa mapacha. Mmoja chumvi zake ni za kijani, akamwita praseodimiamu, pacha wa kijani. Wa pili akawa neodimiamu, pacha mpya. Auer huyuhuyu ndiye aliyebuni kile kisoksi kinachong'aa ndani ya karabai, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wamemulikiwa na kazi ya mikono yake miaka mingi bila kumjua. Neodimiamu nayo utaikuta kwenye sumaku za spika.

Kwa hiyo kwenye jedwali la leo hakuna elementi inayoitwa didimiamu. Muuzaji anayekuambia "hii ni didimiamu safi" anakusifia usafi wa mchanganyiko. Hilo namsamehe.

Nisilolisamehe ni kuifanya didimiamu jina jingine la kinga ya macho. Kuondoa manjano ni jambo moja, kukinga jicho ni jingine, ingawa yanaweza kukaa kwenye fremu moja. Didimiamu inakusaidia *kuona*. Joto linaloumiza jicho linakuja hasa kwa mionzi ya infraredi, ile usiyoiona ila unaihisi shavuni ukisogea karibu na moto, na sehemu kubwa ya mionzi hiyo inaipita didimiamu bila kuulizwa. Mionzi hiyo haichomi jicho, haiwashi. Inafanya kazi polepole kwenye lenzi ya jicho, miaka na miaka, hadi mtoto wa jicho. Ugonjwa huo kwa wafua kioo ulijulikana zamani sana. William Crookes, mkemia wa Uingereza, aliufanyia kazi, akachapisha mwaka 1914 utafiti wake wa vioo vya kuhifadhi macho. Yeye hakuwa anatafuta kuondoa manjano. Alikuwa anatafuta kioo kitakachokata joto na mionzi ya urujuanimno huku fundi akiendelea kuona kazi yake.

Ndiyo maana aina ya kioo unachoyeyusha inabadilisha miwani. Kioo laini, kile cha kawaida chenye sodiamu, hufanyiwa kazi kwenye karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, na kwa shanga ndogo kwenye tochi ndogo, didimiamu ndiyo wengi wanayoanza nayo. Borosiliketi inataka karibu 1,250, moto wa gesi na oksijeni, na inang'aa vibaya. Hapo didimiamu peke yake haitoshi. Inatakiwa iunganishwe na kichujio cha kijani cha kuchomelea, kwa kawaida namba 3 kwa kazi ndogo na namba 5 kwa kubwa (namba ikipanda, kichujio kinakata zaidi). Kwa vyenye alama za zamani za Ulaya, EN 169 ni vichujio vya kuchomelea, EN 171 ni vya infraredi.

Na tafadhali, giza si kinga. Miwani ya jua inapunguza mwanga, mboni inapanuka, na infraredi inaingia kwenye mlango uliofunguliwa zaidi. Miwani ya fundi wa kuchomelea kweli inakata joto, lakini ile nyeusi sana itakunyima kuona rangi ya kioo, utainamisha uso motoni ili uone, na nyusi zitakwenda.

Kuna pia vipande. Ufito wa kioo baridi ukiingizwa motoni ghafla hupasuka, na kipande hakitaulizia nanomita. Lenzi nyingi za didimiamu ni kioo, kwa hiyo tafuta zenye alama ya miwani ya usalama, Z87 kwa za Marekani au EN 166 kwa za Ulaya (mpya huandikwa 16321), na ngao za pembeni pia.

Basi mdogo wangu, miwani uliyonunua haina kosa, usiirudishe. Iite miwani ya kuondoa manjano. Ivae kwenye kioo laini, ujifunze kuzungusha ufito bila shanga kulalia upande mmoja, na hiyo borosiliketi iache kwenye boksi lake mpaka upate ile ya kijani.