Data ya programu si lazima ikae kwenye seva

Nimelisikia mara nyingi hapa Goma: "Bila seva, yaani kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa mtandao, programu ya simu haiwezi kutunza data vizuri." Si kweli. Mifumo ya simu ya Android na iOS yote huja na SQLite, hifadhidata iliyotoka mwaka 2000. Ni faili moja ndani ya simu, haidai mtandao.

Mama muuza maharage wa mtaa wa Birere anaandika deni la mteja, mara betri inazimika katikati. Simu ikiwaka tena, SQLite inafuta wote muamala ambao haukukamilika, yaani lile andiko lililokatika katikati. Madeni ya jana yako palepale, hayajaharibika. Hapo ndipo ninapoipenda sana SQLite.

Mtandao ukirudi, tuma nakala kwenye seva, maana simu huibiwa. Picha ziache zikae kama faili za kawaida. Hifadhidata itunze majina ya faili hizo tu.