Shimo la Mungu halitoshi kufua umeme

Ukisimama Shimo la Mungu, genge la ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde hapa Newala, mkoani Mtwara, ukatazama chini hadi bonde la mto Ruvuma, ni rahisi kuamini neno linalosemwa vijiweni: mlima tunao, mto tunao, basi tujengewe mtambo wa umeme wa maji kama wenzetu wa Nyanda za Juu. Nami niliamini hivyo miaka mingi.

Lakini mlima peke yake hautoi umeme. Vinatakiwa vitu viwili mahali pamoja: wingi wa maji na urefu wa anguko. Mita moja ya ujazo kwa sekunde, ikishuka mita 100, hutoa takriban kilowati 800. Huku juu, Newala na Tandahimba, anguko lipo ila maji hayapo. Udongo wa kichanga wa uwanda huu hunywa mvua, nayo huja kutokea mabondeni kama chemchemi. Ruvuma ina maji, ila ikipita chini yetu imeshafika tambarare. Ndiyo maana bibi zetu waliteremka mabondeni na ndoo kichwani, na leo maji ya bonde la Kitangari hupandishwa kwa pampu. Kwetu sisi umeme ndio unaoyabeba maji.

Wengine hudhani bila bwawa kubwa, kama la Julius Nyerere kule Rufiji, hakuna umeme wa maji. Upo. Banio dogo, yaani ukuta mfupi unaokinga maji mtoni, huelekeza sehemu ya mto kwenye mfereji au bomba, maji hushuka, huzungusha tabaini (gurudumu linaloendesha jenereta), kisha hurudi mtoni. Hayapungui, wala hayatolewi "nguvu" yakashindwa kuotesha mpunga. Kasoro yake ni kiangazi: mto ukipungua, umeme nao hupungua, maana akiba hakuna.

Dhana inayoniumiza zaidi ni hii: kwa kuwa maji hurudi mtoni, basi mto haudhuriki. Kati ya banio na jumba la mitambo kuna kipande cha mto kinachobaki na maji kidogo sana, na humo mna uhai. Tazama Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Mtambo wake wa megawati 180, wenye bwawa dogo tu, hutumia anguko la mita 850 hivi. Maji yalipopitishwa handakini, maporomoko yakakosa manyunyu. Kwenye manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, aliyegunduliwa mwaka 1996, asiyepatikana kwingine duniani. Maji yalirudi mtoni kama ilivyopangwa, ila yalirudi chini ya pale alipoishi chura.

Vinyunyizio vikawekwa korongoni kufidia manyunyu yaliyopotea. Hata hivyo mwaka 2003 idadi ya chura huyo ikaporomoka, ugonjwa wa kuvu ukitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki ni wale waliokuwa wamepelekwa mapema kutunzwa Marekani. Uzao wao ulianza kurejeshwa Kihansi mwaka 2012.